Bega na Kisahani

Sufuria hii ni ya sima, asema Mbeyu,
na sima ya jana ilinuka plastiki.
Nakubali. Naomba radhi. Naongeza makaa.

Maji yasichemke. Hilo nimejifunza kwa kuharibu viwili:
kimoja kilijikunja kama sikio la mbwa,
kingine kimebaki na alama ya dole gumba langu hadi leo.
Maji yafike pale mapovu madogo
yanaposhika tako la sufuria kama mayai ya samaki,
hayajaamua bado kupanda.
Hapo nakizamisha, nahesabu hadi arobaini,
mwenga, mbiri, hahu,
nahesabu kwa lugha ya mama maana haina haraka.

Vilikuwa kumi na kimoja mkobani
siku Mtaliano wa Casuarina alipofunga nyumba
akaniachia funguo, paka, na mshahara wa nusu mwezi.
Alisema vinarushwa. Hakusema vinaendaje.
Cha samawati mkaidi, cha njano mlevi,
cheupe hiki kimya, kizito ukingoni,
na vyote, vikitoka mkononi mwangu, vilikwenda kushoto.
Nilielekeza mvinje, kikaangukia kamba ya nguo.
Nilielekeza mvinje uleule,
kikatua kwenye karai la bajia la Bi Mwanamkuu,
nikalipa bajia ishirini ambazo sikuzila.

Kosa halikuwa lao.
Miaka tisa Gongoni, kwenye chumvi,
magunia ya kilo hamsini, bega hilihili la kulia,
mpaka asubuhi moja likalia ka!
kama mhogo ukivunjwa.
Daktari aliuinua mkono, ukagoma usawa wa kifua.
"Utazoea," akasema, akaita mwingine.

Nimezoea. Shati naanza na mkono mbovu.
Maji nachota kwa kushoto, na kushoto napunga wageni.
Ila hili la kisahani kukata kona kabla ya safari
nilikataa kulizoea.

Bega halichemshwi. Kisahani huchemshwa.

Nakitoa, laini kama chapati ya kwanza,
naupandisha ukingo juu, kidogo, unene wa ukucha,
nazunguka, napandisha, nazunguka,
kisha ndoo ya maji baridi: kinashtuka, kinashika.
Halafu msasa. Chini ya ukingo pana uvimbe mwembamba,
jicho haliuoni, kidole kinaujua.
Naupunguza kwa namba mia mbili ishirini,
namalizia kwa mia nne, na maji.
Unga mweupe unanijaa magotini.
Nimewahi kuwa mweupe hivi, kila jioni, miaka tisa.
Mbeyu ananifagia pamoja na kibaraza.

Walipokuja vijana wa Watamu na Mombasa kushindana,
vikapu vilikuwa ringi za baiskeli na minyororo,
mwamuzi alikuwa Nyondo, filimbi shingoni.
Akakipokea cheupe changu, akapitisha dole gumba ukingoni
kama mama anayekagua masikio ya mtoto.
"Hiki kimechezewa, mzee."
Mzee! Nina arobaini na mbili.
"Sheria inataka kibaki kama kilivyotoka kiwandani."

Nikamwambia, hata mimi nimetoka kiwandani.
Hakuelewa. Au alielewa, akaitazama filimbi yake.

Wakaniazima cha kijani, kipya, halali.
Nikawa wa mwisho. Kushoto, kushoto, kushoto,
Bi Mwanamkuu akafunika karai lake mapema.

Leo asubuhi uwanja mtupu, mbuzi watatu,
umande juu ya sindano za mivinje.
Nikasimama. Mkono ukafika pale unapofikaga, si zaidi.
Nikakiachia.
Kikainama kulia kidogo, kama mtu anayesikiliza,
kikanyooka, kikapita kati ya mivinje miwili bila kuigusa,
kikaendelea kwenda nilipokuwa nimeshaacha kutazama.

Sikujua kama Mbeyu yuko nyuma yangu.
"Kimeenda," akasema.
Tukakaa kimya kidogo.
"Haya, sufuria yangu iko wapi?"